Kigali inawakumbukaje waliouawa na waliong'olewa makwao? Karibuni tujadili

#1 Kalamu ya Kagera (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima mbele.

Kila ikifika Aprili humu ndani tunaandika "poleni majirani", kesho yake tunarudi kwenye ligi na siasa. Safari hii naomba tulikalie jambo hili kidogo. Nimefanya kazi Kigali miaka kadhaa, na hoja yangu naiweka mapema ili anayetaka kuipinga aipinge kwa haki: katika mji ule huwezi kuwatenga Watutsi waliouawa kwenye mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994 na Watutsi waliong'olewa makwao kuanzia 1959. Sehemu zinazokumbuka vizuri zaidi ni zile zinazoyaonyesha mambo haya mawili yakiwa mnyororo mmoja.

Nianze na Gisozi, maana ndiko kila mgeni anakopelekwa. Ni kilima ndani ya wilaya ya Gasabo, ukisimama pale unaona katikati ya jiji ng'ambo ya bonde. Jiji lenyewe ndilo lililotoa eneo lile ili miili iliyokuwa imetapakaa mjini izikwe kwa heshima. Makumbusho yalifunguliwa Aprili 2004, kumbukumbu ya miaka 10. Wamezikwa pale watu zaidi ya 250,000. Makaburi ni mabamba makubwa ya zege, hayana mapambo, na pembeni kuna ukuta wa majina ambao haujakamilika kwa sababu wengi waliozikwa mle hakuna aliyebaki wa kuwataja.

Ndani kuna chumba cha watoto. Picha moja moja, kubwa, za watoto wakicheka, na chini ya kila picha kibao kidogo: jina, umri, chakula alichopenda, rafiki yake kipenzi, tabia yake. Mstari wa mwisho unaeleza alivyouawa. Hakuna maelezo mengine. Nimeona watu wazima waliopita vyumba vyote vya historia wakiwa wakavu wa macho, hapo wakatoka nje kabla hawajafika picha ya tatu.

Lakini wakuu, kwangu Gisozi ni mwanzo tu. Twendeni mtoni.

Mto Nyabarongo unapita ukingoni mwa Kigali. Ukitoka mjini kwenda Muhanga unauvuka, ukienda Bugesera unauvuka. Tarehe 22 Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano huko Kabaya, akasema Watutsi kwao ni Ethiopia na kwamba watarudishwa huko kwa njia ya Nyabarongo ili wafike haraka. Hotuba ile ilirekodiwa. Kanada ilimrudisha Rwanda Januari 2012, na 2016 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka mmoja na nusu baada ya maneno yale, mto ulijaa maiti. Tazameni lugha aliyotumia: ni lugha ya kumfukuza mtu, ya kumwambia arudi kwao. Kuua kulitangazwa kwa sura ya kuhamisha. Ndiyo maana katika siku za maombolezo utaona watu wamejipanga kingo za Nyabarongo wakitupa maua majini. Wale hawana kaburi, mto ndio kaburi.

Vuka huo mto uende Nyamata, kama kilomita 30 kusini. Kanisa lile linajulikana: nguo za waliouawa zimerundikwa juu ya mabenchi, paa la bati limetobolewa na vipande vya mabomu, mwanga unaingia kwa nukta nukta. Kinachosahaulika ni kwa nini Watutsi walikuwa wengi Bugesera. Walipelekwa pale kwa nguvu baada ya machafuko ya 1959, wakashushwa kwenye nyika ya mbung'o na vinamasi, huku wenzao wakikimbilia Burundi, Uganda, Kongo na kwetu Tanganyika. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 wakimbizi walikuwa zaidi ya 300,000. Waliobaki Bugesera walilima, wakajenga, wakapata maisha. Machi 1992 wakaanza kuuawa. Mwanamke Mtaliano aliyeishi pale, Antonia Locatelli, alipiga simu kwenye redio za nje kusema kinachotokea, naye akauawa. Kaburi lake liko kando ya kanisa. Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya karibu kila mtu.

Kwa hiyo ukisimama Nyamata unasimama mahali ambapo watu waliofukuzwa mara ya kwanza waliuawa mara ya pili. Septemba 2023 UNESCO iliiweka Nyamata pamoja na Gisozi, na maeneo mengine mawili ya mauaji, Murambi na Bisesero, kwenye orodha ya urithi wa dunia, na nilifurahi kwa dhati, kwa sababu sasa hakuna waziri wala mwekezaji atakayeamka siku moja akaona pale panafaa kitu kingine.

Sehemu ya tatu ni Kicukiro, ndani ya jiji. Palikuwa na shule ya ufundi, ETO, yenye kambi ya askari wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa. Watu zaidi ya 2,000 walikimbilia pale. Tarehe 11 Aprili askari wakapanda magari wakaondoka. Watu wakatolewa, wakaswagwa barabarani hadi kilima cha Nyanza, wakauawa huko. Leo pale Nyanza pana makaburi na bustani ya kumbukumbu, na njia waliyopitishwa bado ni barabara ya kila siku, bodaboda zinapita. Watu huitembea kwa miguu siku ya kumbukumbu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mji unaweza kukumbuka hata kwa barabara yake.

Kuhusu siku zenyewe: Aprili 7 Rais anawasha mwenge Gisozi, unawaka siku 100. Wiki ya kwanza bendera ziko nusu mlingoti, hakuna harusi, baa hazipigi muziki. Mchana watu wanakutana mtaani kwao, kwenye kile wanachokiita umudugudu, wanakaa kwenye viti vya plastiki wanasikiliza ushuhuda. Aprili 13 wiki inafungwa kilima cha Rebero hapo Kigali, walikozikwa wanasiasa waliouawa kwa kuupinga mpango wa mauaji. Kumbuka wapo humo Wahutu. Hilo nalo mji umeona ulitaje hadharani.

Nimeandika vya kutosha. Nawaachia.

#2 binti_wa_Ngara

Kaka Kalamu, shukrani. Umenigusa mahali.

Nimezaliwa Ngara. Mwaka 1994 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na kumbukumbu yangu ya Rwanda ni ya upande wa pili wa daraja. Nyabarongo unayoisema inaingia Kagera, na Kagera inashuka maporomoko ya Rusumo mpakani kwetu. Wakubwa walitukataza kwenda karibu na mto. Tulijua tu kwa nini, watoto hawafichwi kitu kama kile. Maiti zilipita pale chini ya daraja siku baada ya siku, zikaenda hadi Ziwa Victoria. Upande wa Uganda wavuvi na wanavijiji waliziopoa, wakazizika, na leo kuna makaburi ya kumbukumbu Kasensero, Lambu na Ggolo, watu zaidi ya 10,000. Wale wavuvi hawakuwa na undugu na maiti zile. Walizika kwa sababu mtu hazikwi na maji.

Halafu wakaja walio hai. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24. Wilaya yetu ilibadilika kwa usiku mmoja. Benaco, palipokuwa pori na bwawa, pakawa kambi ya wakimbizi kubwa kuliko miji mingi ya Tanzania. Pale mpakani mapanga yalirundikwa, maana hukuruhusiwa kuvuka nayo. Kwa hiyo katika msafara ule walikuwamo walioua, walikuwamo walioliogopa jeshi la waasi lililokuwa linasonga mbele, na walikuwamo akina mama na watoto ambao hawakujua lolote zaidi ya kufuata mgongo wa aliyetangulia. Mama yangu aliwapa maji wote bila kuuliza, na mpaka leo anasema angewezaje kuuliza.

Swali langu kwako na kwa wengine: hivi hatua zile za watu kwenye daraja zinakumbukwa wapi? Ukifika Rusumo leo unakuta kituo cha forodha cha pamoja, malori, foleni, watu wa kubadilisha fedha. Panahitaji jiwe. Na mimi sijui jiwe lile liandikwe nini, kwa sababu waliopita pale hawakuwa kundi moja.

#3 Mfukunyuzi

Nimesoma mwanzo mwisho. Hoja ya mnyororo naiunga mkono, ila kuna jambo linanisumbua na nitalisema kama lilivyo.

Mifupa. Mafuvu kwenye rafu, watalii wanapita. Kwetu sisi, awe Mwislamu awe Mkristo awe wa jadi, maiti inastiriwa. Mtu aliuawa kwa kudhalilishwa, tena unamweka wazi miaka 30? Naelewa kwamba ni ushahidi. Lakini ushahidi kwa nani, na mpaka lini? Naomba unisaidie mkuu, sijaja kuvunja uzi.

#4 Kalamu ya Kagera

Mfukunyuzi, hujavunja kitu. Wanyarwanda wenyewe wanabishana juu ya hilo tangu mwanzo. Wapo manusura wanaosema kama ulivyosema: mzike mama yangu nipumzike. Wapo wanaosema mkizika yote, baada ya miaka 20 atatokea mtu mwenye suti atasema hawakufika hata mia. Na watu wa namna hiyo wapo, wanaandika vitabu, wanahutubia Ulaya.

Gisozi walichagua kuzika, vinavyoonyeshwa ndani ni vichache. Nyamata na Murambi walichagua kuacha vionekane. Naona ni sawa kwamba mji na nchi havikuchagua jibu moja, ingawa moyo wangu uko upande wa kuzika.

Nikupe mfano wa jinsi jambo hili lisivyoisha. Mwaka 2018, pale Gasabo upande wa Kabuga, iligundulika kwamba kuna mashimo ya maiti chini ya makazi ya watu. Nyumba za kawaida: sebule, jiko, mabanda ya kuku. Zilibomolewa ili kuchimba. Manusura walikuja na kupanga foleni kutazama nguo zilizotolewa ardhini, zimefuliwa na kutandazwa juani, mtu anatafuta sweta ya dada yake au kitenge cha mama. Majirani walikuwa wameishi juu ya makaburi yale karibu robo karne, na baadhi yao walikuwa wanajua. Mei 2019 walizikwa Nyanza ya Kicukiro watu karibu 85,000 waliopatikana kwa namna hiyo.

Kwa hiyo unapouliza ushahidi kwa nani, nadhani jibu mojawapo ni: kwa jirani aliyekaa kimya. Yule hakuhitaji fuvu. Alihitaji kuulizwa kila Aprili, kwenye kiti cha plastiki, mbele ya wenzake, mpaka siku moja mmoja akasema. Ndiyo sababu naheshimu vile vikao vya umudugudu kuliko mnara wowote, japo najua kuna wanaovihudhuria kwa kulazimika tu.

#5 Kreuzberg Kaskazini

Salaam wakuu. Naandika kutoka Berlin, nipo huku muda mrefu. Dada wa Ngara kauliza jiwe la daraja liandikwe nini, nami nataka kuwaonyesha namna mji mmoja ulivyoandika mahali pa kuondokea.

Kuna kituo cha treni kinaitwa Grunewald, mtaa wa matajiri, miti mingi. Njia namba 17 haitumiki. Kuanzia Oktoba 1941 Wayahudi wa Berlin walipakiwa kwenye treni hapa, kutoka mji mzima zaidi ya 50,000 walipelekwa kuuawa. Shirika la reli la Ujerumani lilifungua kumbukumbu pale tarehe 27 Januari 1998. Hawakujenga sanamu. Kando ya reli, ukingo wote wa jukwaa umewekwa mabamba 186 ya chuma, moja kwa kila msafara. Kila bamba limeandikwa tarehe, idadi ya watu, na kule treni ilikokwenda. Basi. Unatembea jukwaani ukisoma: watu elfu moja na kitu, siku kadhaa baadaye elfu moja tena, halafu kuelekea mwisho mia, hamsini, kumi na nane. Namba zinapungua kwa sababu watu walikuwa wanakwisha mjini. Miti imeota katikati ya reli na imeachwa makusudi, treni isiweze kuondoka tena kutoka pale.

Wengi mnaijua ile kumbukumbu kubwa ya katikati ya mji, mawe 2,711 ya zege yaliyozinduliwa Mei 2005. Inastahili. Lakini mimi nawapeleka wageni wangu Grunewald, kwa sababu pale panasema jambo ambalo mawe hayasemi: kwamba waliondolewa mchana, kutoka kituo cha kawaida, kwa ratiba, na kuna mtu aliyekata tiketi.

Na mitaani kuna yale mabamba madogo ya shaba, sentimita 10 kwa 10, yanayotandikwa kwenye njia ya miguu mbele ya nyumba aliyoishi mtu. Aliyeanzisha ni msanii Gunter Demnig, na sasa yamepita 100,000 Ulaya nzima. Mbele ya jengo ninaloishi yapo manne ya familia moja. Baba, mama, watoto wawili. Jirani yangu wa ghorofa ya pili, mwanamke mtu mzima, huyasugua kwa dawa ya kung'arishia kila mwaka, anapiga magoti na ndoo. Si wote wanaoyakubali: mji wa Munich uliyakataa kwenye njia za umma, na viongozi wa Wayahudi wa pale walisema majina ya marehemu yasikanyagwe. Mfukunyuzi, ona wanavyobishana kuhusu heshima kama tunavyobishana sisi.

Sasa hapa nawaletea la kwetu. Berlin hiyohiyo ilikuwa na mtaa wa Wissmann, yule aliyemwangamiza Abushiri na watu wake pwani yetu. Tangu 2021 mtaa ule unaitwa Lucy Lameck. Ndiyo, mama yetu Lucy Lameck wa Moshi, mwanamke wa mwanzo kabisa kuwa naibu waziri Tanzania. Na kule kwenye mtaa wa Berlin unaoitwa Wedding, barabara iliyopewa 1939 jina la Peters, yule Carl Peters mkoloni wa Kijerumani, Agosti 2024 imegawanywa: sehemu moja inaitwa Anna Mungunda wa Namibia, nyingine inaitwa Maji-Maji-Allee. Waafrika na Wajerumani weusi waliidai miaka mingi, wakapingwa kwa barua na kwa mahakama. Nilikuwepo siku ile. Kusikia "Maji Maji" ikitamkwa kwenye kipaza sauti kwa lafudhi ya Kijerumani, nilishindwa kujizuia.

#6 Mzee wa Ruvuma

Wanangu, nimesoma kwa utulivu. Huyu kijana wa Berlin amenifanya niandike, na mimi si mwandishi.

Mnazungumza Kigali na Berlin, nami nasema Songea. Hapa mjini tuna makumbusho ya Maji Maji, na kila Februari 27 tunakusanyika. Siku hiyo mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wetu wa Kingoni, wakafukiwa kwenye shimo moja. Nduna Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye, kaburi lake liko peke yake, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mji unaitwa kwa jina lake, na yeye mwenyewe hajazikwa mzima. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alifika hapa, akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kukitafuta. Wazee walimpokea vizuri. Kichwa hatujakiona.

Kuna jambo moja hatulikumbuki vya kutosha, nalo linafanana na hoja ya mwanzisha uzi. Katika Maji Maji waliokufa kwa risasi ni sehemu ndogo. Wanahistoria wanataja watu 200,000 hadi 300,000 kwa jumla, na wengi waliuawa na njaa, kwa sababu jeshi lilichoma mashamba na maghala makusudi. Waliosalia walitawanyika. Huko Liwale watu walipungua, pori likarudi, tembo na mbung'o wakafuata. Baadaye Mwingereza akaja akawahamisha waliobaki, akapanua hifadhi ya Selous. Leo mtalii anapiga picha simba mahali palipokuwa na viunga vya watu. Hatuna bamba hata moja la kusema hapa palikuwa na kijiji fulani. Sherehe yetu inawaenzi mashujaa waliobeba mikuki, na ni sawa. Mwanamke aliyekufa njaa njiani na mtoto mgongoni, huyo tumemwachia nani?

Pale Berlin wameandika Maji-Maji kwenye kibao cha barabara. Nawashukuru. Na sisi tuandike kwetu.

#7 Ukweli Usiogopwe

Naomba niulize swali ambalo wengi wanaliogopa. Kuna Wahutu waliouawa pia, wakati wa vita na baadaye kwenye makambi Kongo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 imeyaandika ya Kongo kwa kirefu. Hao wanakumbukwa wapi Kigali? Siulizi ili kukana mauaji ya kimbari. Nauliza kwa sababu nimekaa na watu wao.

#8 binti_wa_Ngara

Nitajibu mimi kwanza kwa sababu nimekua nao.

Waliouawa kwa sababu tu ya kuzaliwa Watutsi, wakatafutwa nyumba kwa nyumba kwa kitambulisho kilichoandikwa kabila, kitu ambacho Wabelgiji walikianzisha miaka ya 1930, hilo lina jina lake na halipaswi kuchanganywa na lolote. Nimewasikia watu wakisema "wote waliuana", na kila nilipoisikia sentensi hiyo, anayeisema alikuwa anamficha mtu. Umoja wa Mataifa nao uliamua 2018 kwamba Aprili 7 ni siku ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kwa jina hilo kamili.

Ila ulichouliza ni kweli kwamba kuna mama pale Kibondo au Ngara ambaye mwanawe alikufa Kongo na hana mahali pa kuweka ua. Namjua wa namna hiyo. Machozi yake hayapunguzi ya mwenzake wa Nyamata. Anaomboleza ndani kwake, kimya, na anaogopa akilia kwa sauti ataulizwa mumewe alifanya nini. Sidhani kama Gisozi ndipo mahali pake. Nadhani anahitaji mahali pengine, na anahitaji ukweli wa mumewe usemwe pia, kama upo.

#9 Kalamu ya Kagera

Dada, umesema kuliko nilivyoweza. Niongeze moja tu kwa Ukweli Usiogopwe: nimeshawahi kukaa mezani na watu wa pande zote mbili, na walichofanana ni hofu kwamba msiba wao utatumiwa kufuta wa mwingine. Maadamu hofu hiyo ipo, sherehe ya pamoja itakuwa ya midomo. Mji umefanya linalowezekana kwa kutaja Rebero na kwa kuwaita waliookoa wenzao watoe ushuhuda. Hayo mengine yanahitaji muda na yanahitaji Kongo yenyewe itulie.

Mzee wa Ruvuma, shikamoo. Hoja yako ya mwanamke wa njaa nimeinakili kwenye daftari langu. Ndicho nilichojaribu kusema kuhusu Bugesera nikashindwa kukiweka hivyo.

#10 Mtafuta Njia

Wakuu naomba msaada wa kawaida. Nitakuwa Kigali wiki ya pili ya Aprili kikazi. Je, naruhusiwa kwenda hayo maeneo? Nifanye nini, nisifanye nini?

#11 Kalamu ya Kagera

Karibu. Gisozi kuingia hakulipiwi, unaweza kuchangia, na kuna maelezo ya kusikiliza kwa lugha mbalimbali. Ila wiki hiyo pana shughuli rasmi na familia zinakuja kwa wafu wao, hivyo uliza kwanza mapokezi pa kupita na saa. Vaa kwa staha. Ndani ya vyumba usipige picha mpaka uruhusiwe, na makaburini usipige picha ya mtu anayelia hata akiwa mbali.

Nyamata nenda na mwongozo wa pale pale, wengine ni manusura. Usimuulize alipoteza wangapi. Akitaka atakwambia. Usimuulize dereva wa teksi wala mhudumu wa hoteli kabila lake, hili hata siku za kawaida ni kosa kubwa. Usishangae ukimuona mfanyakazi mwenzako hayupo kazini siku tatu bila maelezo, au amekaa ofisini anatazama dirisha. Wengine mwili wenyewe unakumbuka wiki ile, wanaanguka, wanapiga kelele katikati ya mkutano, na kuna watu wa kujitolea wa kuwasindikiza nje na kukaa nao. Ukiona hilo kaa kimya, mpishe njia.

Pia kama utapata saa moja, pita Camp Kigali katikati ya mji. Kuna nguzo 10 za mawe kwa askari 10 wa Ubelgiji waliouawa Aprili 7 wakiwa wametumwa kumlinda Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, naye aliuawa asubuhi ileile. Kila nguzo imechanjwa mistari kadiri ya umri wa askari. Ukuta wa chumba walichojificha umeachwa na matundu yake ya risasi.

Kabla sijalala, nina ombi kwa wa Bukoba, Missenyi na visiwani: makaburi ya upande wa Uganda yanajulikana. Kwetu upande wa Tanzania, miili iliyotolewa Kagera na ziwani 1994 ilizikwa vijiji gani, na nani aliizika? Wazee wenu wapo, waulizeni wangali hai, kisha andikeni hapa kijiji na mahali. Nikikusanya ya kutosha nitayapeleka halmashauri na Mambo ya Kale mwenyewe, kwa mkono wangu.

#12 Mfukunyuzi

Mjomba wangu alikuwa mvuvi Kyaka miaka hiyo. Nampigia kesho asubuhi, nitarudi.